Ugonjwa wa Pili

Kinyozi alipougua saratani ya tezi za kifuani, dawa zilimpukutisha nywele zote, na wateja wakamtania kwamba kumbe kinyozi hujinyoa. Alichomwa mionzi kifuani, akapona, akarudi kwenye mkasi wake. Miaka ikapita.

Kisha kikohozi kikamwingia, kikakataa kutoka. Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Mkewe alisema ni ugonjwa ule ule umerudi, na heri zimwi likujualo. Wamwanzishie dawa zile zile. Shemeji yake, kaka wa mke, aliunga mkono. Lakini daktari wa kifua, mama mpole asiyependa kukisia, alikataa. Picha haimwambii ni ugonjwa gani, alisema. Lazima achukue kipande cha nyama kwa sindano. Mke alinuna, akaona mumewe anachokonolewa bure. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Akavua shati.

Sindano ilipita katikati ya mbavu. Pafu likavuja hewa, akalazwa na mpira wa kutolea hewa ubavuni, na shemeji akamtolea daktari maneno makali ambayo baadaye aliyajutia.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote watatu. Hakukaa nyuma ya meza yake. Alivuta kiti akakaa nao magoti kwa magoti.

"Si ule wa zamani," alisema. "Ule haupo. Huu ni mwingine, umeanzia kwenye pafu lenyewe, na umeshafika kwenye ini."

Mke aliuliza umetoka wapi, mtu asiyejua hata ladha ya sigara. Daktari alisita, kisha akasema huenda ni mionzi ile iliyomponya. Shemeji akainamisha kichwa.

"Kumbe nilimpeleka mwenyewe," mke alisema polepole. "Nilimshika mkono nikampeleka."

Kinyozi alimgeukia. "Ulinipeleka nikapona, mama watoto. Huyu wetu wa mwisho alikuwa hajazaliwa."

Akaanza dawa za ugonjwa mpya. Zilimpa nafuu ya muda, hata akanyoa wateja wawili watatu akiwa ameketi. Halafu mwili ukachoka.

Alipolala kitandani, mkewe alimkanda mgongo, miguu, mikono. Pale kifuani, ngozi ilipobaki nyeusi kwa mionzi, mkono wake ulikuwa unaparuka. Siku moja kinyozi aliushika, akauweka pale pale, akaubana kwa kiganja chake mpaka usingizi ukamchukua. Hakuamka.