Alifagia Kabla Mgeni Hajafika

Baudouin alilelewa na shangazi yake Emérithe huko Uvira, Kongo, na katika nyumba ya Emérithe hakuna mgeni aliyewahi kukuta uchafu. Ikisikika tu kwamba fulani yuko njiani, ufagio ulitoka, masufuria yenye masizi yakafichwa, watoto wakasuguliwa nyuso mpaka wakalia. Mgeni aliingia akakuta uwanja una mistari ya ufagio, utadhani watu wa humo hawali wala hawatembei. Shangazi alipofika Stockholm, Uswidi, na kupata nyumba ya ghorofa katika kitongoji cha Hallonbergen, uwanja hakuwa nao tena, lakini desturi alikuja nayo. Alifagia mpaka ngazi za jengo, ambazo kuna watu wameajiriwa kuzifagia.

Baudouin alimfuata baadaye. Alisoma Kiswidi, akasoma kompyuta, na baada ya kuhangaika sana akapata kazi katika kampuni ndogo huko Kista, mwendo wa miguu tu kutoka chumba alichopanga Akalla. Kampuni hiyo ilikuwa na mfumo wa kupanga magari ya wazee na wagonjwa. Mzee anapiga simu, safari yake inaandikwa, gari linamfuata mlangoni. Baudouin alitunza hifadhidata, yaani lile ghala la ndani ya kompyuta ambamo majina yote na safari zote zimewekwa. Mfumo ukitaka kujua jambo, unaiuliza hifadhidata swali, nayo inakwenda kutafuta, inarudi na jibu.

Lakini kazi ilikuwa bado ya majaribio. Akithibitishwa, angeweza kuonyesha kwamba ana kazi ya kudumu, na mkewe Célestine na binti yao Maya wangepata kumfuata. Bila hiyo, faili lao la uhamiaji halisogei. Maya alimwacha tumboni. Sasa mtoto alikuwa anang'oka meno ya utoto, na kila jino lililotoka lilionyeshwa kwenye simu, likiwa limeshikwa kati ya vidole viwili.

Shida ilikuwa moja. Kila mwisho wa mwezi ukikaribia, mfumo ulipata kikohozi. Asubuhi, wakati wapanga safari wanafungua kompyuta zao, vioo vilisimama kimya. Anayebonyeza anasubiri, anabonyeza tena, anakwenda kunywa kahawa, anarudi anakuta bado. Siku mbili tatu hivi, kisha mwezi mpya unaingia na mambo yanakuwa mepesi kama hakuna lililotokea. Wazee wa watu wakawa wanasahauliwa milangoni. Hata Emérithe, ambaye gari lile lilimpeleka kliniki kwa ajili ya magoti, alisimama nje ya jengo lake kwenye upepo mpaka miguu ikakosa hisia. Aliisimulia habari hiyo mezani baada ya ibada, akiwasema hao watu wa magari na kompyuta zao. Baudouin alikuwa anamega ugali mbele yake. Hakusema kwamba mtu wa kompyuta ni yeye.

Sasa, hifadhidata nyingi zina jedwali la takwimu ndani yake, na hapo ndipo mtu wa kazi hiyo anapokwenda kutafuta ugonjwa. Kila swali linaloulizwa huandikwa humo: limeulizwa mara ngapi, limechukua muda gani kwa wastani, na muda wake wote ukijumlishwa ni kiasi gani. Hesabu zinajikusanya tu, siku baada ya siku, mpaka mtu azifute. Ni kama masizi kwenye sufuria, yanakuambia ni chungu kipi kinakaa motoni kila siku.

Baudouin alilifungua jedwali hilo na kulipanga kwa wastani, swali zito kuliko yote likae juu. Na lile lililokaa juu kabisa alilitambua mara moja, kwa sababu alilitunga mwenyewe. Ilikuwa ripoti kubwa ambayo Gunilla, mkuu wake wa kazi, aliiomba wakati Baudouin alikuwa bado mgeni pale ofisini. Damu ilimpanda usoni. Kumbe shangazi yake aliganda kwa upepo kwa mkono wake yeye. Hakutazama chini zaidi ya hapo. Aliketi akalifumua swali lake, akalitunga upya mpaka likawa linakimbia, na hakumwambia mtu.

Mwezi mpya ulikuwa umeingia, kwa hiyo utulivu ulirudi, naye akadhani ni dawa yake imefanya kazi. Ndipo Gunilla akamwita na kumwambia kwamba Jumatatu atakuja mtaalamu kutoka nje, mama mmoja anayekaa Spånga hapo hapo Stockholm, awasaidie kujua kinachowasumbua kabla hawajaamua mambo ya mkataba wa Baudouin. Jina lake Dorothy. Baudouin aliposikia kwamba ni mtu wa Kenya, mzigo ulimshuka kidogo.

Jumapili, alipotoka kanisani, alifungua kompyuta yake chumbani Akalla. Lile jedwali lilikuwa limejaa takwimu za miezi. Swali lake la aibu lilikuwa bado juu, na hesabu zake mbaya za zamani, ingawa alikwisha kulirekebisha. Alilitazama kwa macho ya mtu anayeletewa mgeni. Amri ya kulifuta ni fupi, mstari mmoja tu. Aliiandika, akabonyeza, na jedwali likawa tupu. Kisha akampigia Célestine, akamwambia kesho kuna mgeni mkubwa kazini na yeye amejiandaa vizuri. Célestine akacheka, akasema kwa hiyo bila shaka umefagia mpaka dari, Baba Maya.

Dorothy alifika Jumatatu na mkoba uliochakaa na sauti ya mtu asiyeogopa ofisi. Aliposikia jina la Baudouin na kwamba kwao ni Uvira, alihama mara moja kwenda kwenye Kiswahili, akamtania kwamba Kiswahili cha Uvira kinatembea na viatu vya Kifaransa. Alimwomba kiti kando yake. Gunilla alisimama nyuma yao na kikombe mkononi.

Akafungua jedwali la takwimu. Akateremka mpaka chini, akapanda tena juu, ingawa hapakuwa na safari ya kupanda wala kushuka, kwa jinsi lilivyokuwa fupi.

"Hapa kuna mambo ya jana jioni na leo asubuhi tu," akasema. "Nani amefuta?"

"Ni mimi, dada Dorothy. Nilijua unakuja."

Dorothy alimgeukia. Alimtazama muda, na Baudouin akaona kwamba amemwelewa, kwamba hata kwao ufagio hutoka hivyo hivyo. Lakini hakutabasamu.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "mimi nimeletwa hapa kuona uchafu."

Aliuliza kama kuna nakala. Kama kabla ya kufuta aliyahamisha yale ya zamani mahali pengine, hata kwenye faili ovyo. Hakuhamisha. Nani huhifadhi takataka alizozifagia? Aliuliza kama anakumbuka yaliyokuwemo. Baudouin alikumbuka moja tu, la kwake.

Gunilla aliuliza wanazungumza nini. Dorothy akageuza maneno kwa Kiswidi, kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba takwimu zilifutwa jana, kwamba aliyezifuta ni Baudouin, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu mtaalamu alikuwa anakuja. Yaliposemwa kwa lugha hiyo, maneno yale yale yalikuwa kama ya mtu aliyekamatwa. Baudouin aliyasikia yakimtoka Dorothy, na Dorothy naye akasikia yalivyotoka, maana aliharakisha kueleza habari za wageni, za nyumba, za heshima. Alieleza sana. Gunilla alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Dorothy aliomba jambo moja. Aliomba wangoje mwisho wa mwezi, ugonjwa utarudi wenyewe, jedwali litakuwa limeuandika, na hapo kila mtu ataona. Lakini muda wa majaribio wa Baudouin ulikuwa unaisha kabla ya hapo.

Gunilla alimwita kwenye chumba kidogo chenye kuta za kioo. Alianza na neno tyvärr, yaani kwa bahati mbaya. Mgeni yeyote aliyekaa Stockholm analijua neno hilo kabla hajajua kuomba maji, na likitangulia, yanayofuata huna haja ya kuyasikiliza. Alisema hamtuhumu. Alisema tu kwamba mtu anayetunza hifadhidata lazima aaminike, na yeye sasa hajui alichofuta ni nini, kwa hiyo hawatamthibitisha. Baudouin alitaka kusema kwamba na yeye hajui. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa jibu baya kuliko yote, kwa hiyo akainuka akachukua koti lake.

Alikaa Akalla. Kila asubuhi aliamka saa ile ile ya kazi, akavaa, akatembea mpaka karibu na Kista, akarudi. Célestine alipopiga alimwambia kazi ni nyingi. Maya alikuja kwenye simu na pengo jipya, akamwuliza Stockholm meno yanatupwa wapi, juu ya paa au wapi, maana anataka kujua kabla hajafika. Baudouin alisema atauliza. Baada ya siku hiyo akaanza kuacha simu iite mpaka ichoke.

Mwezi ulipofika mwisho mfumo ulikohoa, kama ilivyokuwa. Dorothy alikuwa ameketi pale, akaukuta ugonjwa wenyewe. Ni yeye aliyempigia Baudouin kumweleza, kwa sababu aliona ni haki yake kujua.

Swali lenye kosa lilikuwa dogo kabisa, la zamani, limewekwa humo na watu walioondoka kabla Baudouin hajaajiriwa. Kila mwisho wa mwezi, vituo vinapopanga safari za mwezi unaofuata, mfumo uliuliza habari za abiria mmoja mmoja, mzee baada ya mzee, na kwa kuwa safari hazikuwa na faharasa ya majina, ile orodha inayoonyesha kila jina liko wapi, hifadhidata ilipekua ghala zima kwa kila mzee. Swali moja halikukawia, ungepepesa jicho limekwisha. Lakini lilipoulizwa maelfu kwa maelfu, mengine yote yalikosa nafasi ya kupita.

"Wewe ulimtazama mgeni mmoja aliyekaa mezani muda mrefu," Dorothy akasema. "Hukumtazama anayeingia na kutoka siku nzima. Ungepanga kwa jumla badala ya wastani, angekuwa wa kwanza."

"Alikuwemo? Siku ile, kabla sijafuta?"

"Alikuwemo. Miezi yote alikuwemo."

Waliweka faharasa, shida ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Baudouin aliuliza kama sasa watamwita. Dorothy alisema amewaambia wazi kwamba kosa halikuwa lake, nao wamefurahi kusikia, ila nafasi imekwisha kupata mtu. Akasema samahani, kaka, kisha akakata simu.

Emérithe alikuja Akalla bila kualikwa. Célestine alikuwa amempigia kutoka Uvira, akilia, kwamba mume wake hapokei simu na yeye hajui mtoto amwambie nini. Mama wa watu akapanda treni na magoti yake hivyo hivyo. Alipoingia hakupata pa kuweka mguu. Sahani zilikuwa na ukoko, nguo sakafuni, makombo ya mkate yamefika mpaka kitandani, na Baudouin ameketi katikati na koti lake la kazi.

Aliinuka akamwamkia, akarudi akaketi. Akamweleza yote, hata habari ya upepo na miguu iliyokosa hisia. Shangazi aliweka mkoba wake, akatazama huku na huku kutafuta ufagio, akauona nyuma ya mlango, akaushika.

"Acha, shangazi," Baudouin akasema. "Usifagie. Angalia kwanza."

Emérithe alisimama na ufagio mkononi. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kisha akauegemeza ukutani, akasogeza nguo kidogo kwenye ukingo wa kitanda, akaketi. Simu ya Baudouin ilianza kuita tena mezani, kati ya sahani. Jina la Célestine lilikuwa linawaka. Wote wawili walikuwa wanaitazama.