Harusi ya Sofia Gazetini

Kama si majivuno ya shangazi yake Zakari, posa ya Zakari kwa Mounira ingepita siku ile ile, watu wangekula pilau yao na kwenda zao. Lakini mwenye majivuno akinyamaza huumwa tumbo. Pilau ilikuwa bado motoni, nyumbani kwa akina Mounira huko Kampemba, mjini Lubumbashi, shangazi alipofungua mkoba wake, akatoa gazeti la kale lililofungwa ndani ya kitambaa, akalitandaza mezani mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Muone," akasema. "Shiye hatukuanza kuvaa muzuri leo. Baba ya Zakari alitokea mu journal tangu 1961!"

Kweli alitokea. Marehemu mzee Nasoro, bado kijana, kanzu nyeupe, kofia, ameketi akishikana mkono na mzee mmoja mbele ya shehe. Chini ya picha palikuwa na maneno ya Kifaransa, na Mounira, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, akaombwa awatafsirie wazee. Akaanza kwa furaha: "Harusi ya Kiislamu mjini Élisabethville, yaani hapa Lubumbashi, Jumamosi tarehe sita Mei. Bwana Nasoro amemwoa Bi Sofia binti Sefu..."

Akarudi nyuma, akalisoma jina hilo tena. Sofia binti Sefu alikuwa bibi yake, mama mzazi wa mama yake.

Sasa hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Zakari alikuwa kitinda mimba wa Nasoro. Kama Sofia aliolewa na Nasoro, basi mama yake Mounira alikuwa dada yake Zakari, na Zakari alikuwa mjomba wa Mounira. Na mjomba hamwoi mpwa wake, hata dunia ipinduke.

"Baba yangu ni Amuri!" mama yake Mounira akaruka. "Amuri, shofere ya camion. Sina baba mwingine!"

"Na ulizaliwa lini, mwanangu?" mzee mmoja akauliza kwa upole.

"Mwezi ya pili, 1962."

Wazee wakaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka Mei hadi Februari. Mmoja wao, aliyepoteza kidole mgodini, akaazima cha jirani. Ikatoka miezi tisa. Pilau ikaliwa kwa huzuni kubwa, ila ililiwa yote. Baada ya kunawa, shehe wa mtaa, aliyekuwa miongoni mwa wazee, akatoa wiki mbili: ushahidi uletwe, au posa ivunjwe.

Zakari akamsubiri Mounira langoni. "Miye siwezi kukuita mutoto ya dada yangu," akasema.

"Na miye sitakuita mujomba, ata banifunge."

Lakini ushahidi angeupata wapi? Sofia, Amuri, Nasoro na shehe aliyefungisha ndoa, wote walikuwa chini ya udongo, na shangazi mwaka ule alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Na mwaka wenyewe ulikuwa 1998: nchi ilikuwa na jina jipya la mwaka mmoja tu, na vita ilikuwa imekwisha kurudi. Katika ofisi moja ya zamani, karani aliyeitwa Alphonse alimwonyesha Mounira rafu tupu. Vitabu vya ndoa vya miaka ile, alisema, vilikwenda wakati wa uporaji. Vingine viliwashiwa moto wa kupikia, vingine vilifungiwa karanga sokoni. Mtu wa Lubumbashi aliweza kula karanga ndani ya cheti cha ndoa ya babu yake asijue. Mounira akala karanga siku nne mfululizo, akisoma kila karatasi. Alipata vyeti vya ubatizo vya watu wawili na kuvimbiwa.

Alipomrudia, Alphonse akamhurumia. "Enda kwa Mama Marceline," akasema. "Alikuwa anapiga machine ya kuandika kwa ile journal."

Mama Marceline alikuwa mjane wa Kikatoliki, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Waporaji wa mwaka 1991 walipokuja mtaani kwake, alikuwa ameficha magazeti yake yote kwenye banda la kuku. Kuku waliibwa, magazeti yakabaki.

Kwanza akamwonyesha Mounira gazeti la harusi, lile lile la shangazi. "Mwandishi wetu alikuwa Mukristo kama miye," akasema, akiigonga picha. "Kwetu, mwanaume mwenye kusimama mbele ya padri, njo bwana arusi. Donc, basi, aliandika vile aliona. Lakini tafuta mu journal za mbele, mutoto. Bantu balikuwa banakuya kugomba pa bureau kila siku juu ya makosa yetu."

Mounira akachutama bandani siku tatu, manyoya ya kuku yakimwingia puani, akifungua ukurasa baada ya ukurasa. Mwezi Mei haukumpa kitu. Kwenye gazeti la tarehe sita Juni, ukurasa wa nne, kati ya baiskeli iliyopotea na saruji ya kuuza, akaona jina la babu yake. Akasoma, akapiga kelele, akagonga kichwa kwenye bati.

Jioni hiyo hiyo wazee wakaitwa. Safari hii Mounira alisoma akiwa amesimama:

"Bwana Amuri, dereva, anawatangazia watu wote kwamba mume wa Bi Sofia binti Sefu ni yeye, si mwingine. Tarehe sita Mei alikuwa amezuiwa na askari huko Mokambo, mpakani, pamoja na lori lake. Kwa kuwa wageni walikwisha kualikwa na mbuzi walikwisha kuchinjwa, alimtuma rafiki yake Bwana Nasoro amkubalie ndoa mbele ya shehe, kama wakili. Bwana Nasoro alikula pilau akarudi kwake. Bwana Amuri amefika mjini tarehe ishirini na nane Mei, yuko na mke wake, na anaomba watu waache kumpa pole."

Nyumba nzima ikacheka mpaka majirani wakachungulia. Shehe akajipiga paji la uso. Waislamu kumi na mmoja walikaa mezani siku ile, kila mmoja amewahi kuona wakili akiozeshwa kwa niaba ya mwenziwe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka! Waliliamini gazeti kuliko walichokiona kwa macho yao. Vidole vikahesabiwa upya, kuanzia tarehe ishirini na nane, na mama yake Mounira alizaliwa tarehe ishirini na sita Februari. Hesabu ikakaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mama mwenyewe hakucheka. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na hakumwachia hata picha. Akalichukua gazeti, akaweka kidole kwenye yale maneno, *ni yeye, si mwingine*, akalia kwa raha kama mtoto aliyefuatwa shuleni na mzazi wake.

Harusi ikapangwa. Na siku mbili kabla yake, Zakari, aliyekwenda kwa lori lake kufuata mchele, akazuiwa Mokambo na askari waliolitaka. Mokambo haikusahau desturi yake. Shangazi, bila haya, akashauri ndugu mmoja akae badala yake, maana mbuzi walikwisha kuchinjwa.

Mounira akatuma jibu kutoka chumbani, mikono imejaa hina: "Apana. Mbuzi mukule. Bwana nitamungojea."

Wakala mbuzi. Siku ya nne Zakari akaingia uani juu ya baiskeli ya wauza makaa, mweusi tii kwa vumbi, lori ameliacha huko huko. Hawakumpa hata nafasi ya kuoga. Walimvika kanzu juu ya uchafu wake, wakamketisha mbele ya shehe, naye shehe, aliyekwisha kujifunza, akamkazia macho.

"Kabla hatujaanza. Wewe ni wakili ama ni bwana arusi mwenyewe?"

Bibi harusi hutakiwa kukaa kimya, kila mtu anajua hilo. Lakini kabla Zakari hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya pazia, na uani kote ikasikika:

"Ni yeye, si mwingine!"