Inchi Ishirini na Moja

Halldis Brekkhus alikuwa na dharau ya kutosha kulisha mji mzima, na sehemu kubwa alikuwa akimlisha mkwe wake Unni, mama wa mume wa binti yake.

Jumamosi ile ya Oktoba, watu wa Gol, mji mdogo wa bondeni Norwei, walipokuwa nje mbele ya nyumba zao wakiyavua magari tairi za kiangazi na kuyavisha za baridi, yeye alisimama dirishani na kikombe chake cha kahawa, akimtazama Unni ng'ambo ya barabara. Unni alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, jeki chini ya kigari chake cha umeme, spana mkononi, anakaza nati mwenyewe. Na jasho juu.

"Øystein, hebu njoo uone," Halldis alimwita mumewe. "Magurudumu kama ya toroli! Na vile vifuniko vya plastiki! Ningekuwa mimi, ningeegesha nyuma ya nyumba watu wasione."

Øystein alichungulia. "Si yanamfikisha anakokwenda?"

"Hata punda hufika, bwana wee."

Øystein akarudi kwenye gazeti lake. Huyo ndiye Øystein: mtu wa kurudi kwenye gazeti. Miaka yote ya ndoa yao mkewe alimhesabu kama kiti cha sebuleni, kipo, hakina madhara, unakikalia unapochoka.

Ukwe wenyewe Halldis hakuutaka. Binti yake wa pekee, Synne, na uzuri wake wote na shule yake yote, aliwaruka vijana wa Norwei nzima akaenda kuangukia kwa Vegard, mtoto wa Unni, mwanamke anayeogesha wazee kwenye nyumba ya wazee na kurudi nyumbani akinuka sabuni ya hospitali. Wakaoana, wakahamia ng'ambo ya mlima, kwenye fiordi, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima. Agosti wakapata mtoto wa kike. Ubatizo ukapangwa Jumapili moja ya mwisho wa Novemba, saa sita mchana.

Hapo ndipo Halldis alipopata pumzi, maana ubatizo ulikuwa na gauni, na gauni lilikuwa la kwao. Kitani cheupe, refu kupita mtoto mara tatu, lilishonwa na bibi wa mama yake, na kila mtoto wa ukoo ule alibatizwa nalo. Na lina sheria yake: aliyelileta gauni kanisani ndiye anayembeba mtoto hadi kwenye birika la maji ya ubatizo. Si mwingine. Halldis alimpa Unni habari hiyo dukani, mbele ya friji la maziwa, kwa sauti ya kusikiwa na duka zima.

"Kwetu sisi, mkwe, aliyeleta gauni ndiye hubeba mtoto. Ndivyo ilivyo tangu enzi. Kwa hiyo wewe usihangaike, leta keki tu."

Unni hakukunja uso. "Haya, mkwe. Keki nitaleta."

"Lakini isiwe kavu kama ile ya harusi."

Halldis alitembea hadi nyumbani akicheka peke yake. Atambeba mjukuu wake wa kwanza, kanisa zima likisimama, naye kavaa bunadi yake, lile vazi la sufu nyeusi la bonde lao lenye vishikizo vya fedha, na Unni yuko benchi la pili na makombo ya keki mapajani. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, na alikuwa nacho mkononi.

Sasa lilibaki suala la kufika kwa heshima. Gari walikuwa nalo, jipya, la umeme, jeusi, kubwa. Tairi za baridi hawakuwa nazo. Wakaenda dukani, na Øystein, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akawa na maoni.

"Mama Synne, tuchukue rimu za inchi kumi na tisa. Na tairi zake ziwe za vijino."

"Vijino?"

"Vijino vya chuma, vya kung'ata barafu. Tutavuka mlima Novemba, mke wangu."

"Najua vijino ni nini, sikuzaliwa Hispania! Unataka tuingie fiordini tunalia kra-kra-kra kama trekta la samadi? Mbele ya Unni?"

Muuzaji, kijana wa nywele za mafuta, aliona pepo zinavuma wapi, lakini kazi yake aliifanya. Akawaeleza kwamba rimu ndogo inabeba tairi nene, yenye mpira mwingi pembeni, na inakanyaga theluji vizuri. Hii kubwa ya ishirini na moja tairi yake ni nyembamba pembeni na pana chini, na inakula chaji, hasa kwenye baridi. Ya vijino kwa saizi hiyo hana hadi Januari, anayo ya mpira laini tu. "Ila kwa kupendeza," alimalizia, "hakuna kama hii."

Halldis alisikia hilo la mwisho tu. Alikuwa ameshaanza kuizunguka ile rimu, nyeusi yenye kingo za fedha, mikono mitano iliyopinda, anaigusa kwa ncha ya kidole.

"Inchi ishirini na moja," alisema polepole.

"Chaji itatuishia juu mlimani," Øystein alisema.

"Wewe kila kitu kinakuishia! Magurudumu madogo kwenye gari lile, ni sawa na mtu kuvaa suti na ndara za bafuni. Na gari linavuta kwa magurudumu yote manne, au umesahau?"

"Kuvuta litavuta. Mimi nauliza kusimama."

"Uliza tu. Kuuliza ndio kazi yako." Akamgeukia muuzaji. "Funga hizi."

Wakafungiwa. Na kuanzia siku hiyo Halldis alikaa kusubiri asifiwe. Akaliegesha gari ubavu-ubavu, magurudumu yakitazama barabara. Akaenda nalo dukani hata pa kutembea. Lakini watu wa Gol hawamsifu mtu kwa mali yake, hata umchome mtu moto hatasema. Jirani Reidar alikuja, akainama, akayatazama yote mawili ya upande wa barabara, akasema, "Jaa," ile ndiyo ya kwao isiyosema kitu, akaenda zake kula. Unni yeye alipita na mifuko ya dukani, akayaona, akauliza kitu kimoja: "Yana vijino, mkwe?"

"Hayahitaji."

"Aa," Unni akasema.

Ile "aa" ilimkaa Halldis rohoni wiki mbili.

Ikafika wiki ya ubatizo, na redio ikaanza kutangaza dhoruba. Synne akapiga simu: mama, njooni Jumamosi, mlale huku, Jumapili mlima utakuwa mbaya. Halldis akakataa kata kata. Jumamosi alikuwa na shughuli. Shughuli gani? Kuosha gari! Naam, mtu mzima, bibi wa mtu, aliacha kuvuka mlima ukiwa shwari ili asugue rimu kwa brashi ya meno, akizifuta maji moja moja yasigande. Unni naye hakuvuka Jumamosi, lakini yeye alikuwa zamu hadi jioni, wazee hawajiogeshi.

Jumapili wakaondoka alfajiri. Halldis mbele na bunadi yake, sanduku la gauni mapajani, Øystein kwenye usukani. Hadi Geilo, mji wa mwisho kabla ya mlima, mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo upepo ukaja uso kwa uso, baridi ikashuka, na chaji ikaanza kuporomoka.

"Tumeshakula zaidi ya nusu," Øystein alisema.

"Endesha."

"Nazima joto la viti."

"Thubutu!"

Walipofika penye kizuizi, mti ulikuwa umeteremshwa barabarani na taa zinawaka. Siku kama hiyo hakuna anayevuka peke yake, magari hupanga mstari na kuvuka kwa msafara nyuma ya greda la theluji, karibu karibu, hakuna kusimama wala kugeuka. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Jorunn, koti la machungwa hadi magotini, sauti ya kuita ng'ombe. Alipita gari kwa gari akichungulia chini kwa tochi. Huu ndio msafara wa mwisho, aliwaambia, baada ya huu anafunga hadi dhoruba ipite.

Halldis alitazama nyuma, akaona kigari cha Unni, cha tatu kutoka kwao, kimefunikwa theluji kama andazi kwenye sukari. Akafyonya.

"Angalia huyo naye! Atatukwamisha wote na toroli lake."

Jorunn akainua mti, akapunga mkono, mstari usogee. Pale mbele palikuwa na kimwinuko kifupi cha barafu tupu, upepo umekifagia hadi kinang'aa. Gari la kwanza likapanda. La pili likapanda. Øystein akakanyaga taratibu sana, na gari kubwa jeusi likapanda hadi katikati, magurudumu yote manne yakaanza kuzunguka mahali pamoja, likasita, kisha likarudi nyuma kiubavu, polepole, kwa adabu zote, hadi likaegemea ukuta wa theluji.

Jorunn alikuja akagonga kioo. Akauliza chaji, akatajiwa. Akamulika tairi.

"Nyinyi hamvuki."

"Hamvuki nini?" Halldis aliteremsha kioo cha kwake, theluji ikamwingia kifuani. "Sikiliza wewe mama, hili gari unajua ni gari gani? Na mimi nabatiza mjukuu saa sita!"

"Hata ungekuwa unabatizwa wewe. Mmoja akikwama, wote tunalala huko juu. Rudini pale mkahawani, kuna mashine ya chaji. Toeni gari, wengine wanapita."

Gari lililofuata likapita. Likapita na jingine. Kisha kikaja kigari cha Unni, kra-kra-kra, kikapanda kile kimwinuko bila hata kushusha pumzi, na Jorunn hakukisimamisha. Kikasimama chenyewe. Unni akashusha kioo. Nyuma kulikuwa kumejaa sanduku la keki, pete za mlozi zilizopandana hadi kugusa paa, na kitanda cha mtoto kilichokunjwa. Mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu.

"Mkwe, njoo!" alipiga kelele kwenye upepo. "Kiti kimoja kipo! Njoo na gauni, twende ukambebe mtoto!"

Na hakuna kitu Halldis alichokuwa akikisubiri zaidi ya hicho. Angeshuka, angekaa, angefika. Lakini Halldis aliyatazama yale magurudumu madogo yenye vifuniko vya plastiki, akawaona watu wa kanisa wamesimama nje, akajiona anavyochomoza humo ndani na bunadi yake, anasaidiwa kushuka na Unni, na shingo ikakataa kuinama.

"Mimi?" alisema, akabetua midomo. "Nifike kanisani ndani ya kopo hilo? Bora nigande hapa hapa!"

Øystein alizima gari. Akavua glavu moja, akanyoosha mkono, akalichukua sanduku la gauni mapajani mwa mkewe kama anayechukua gazeti lake.

"Unafanya nini wewe?"

"Aliyeleta gauni ndiye hubeba mtoto," alisema. "Ufunguo uko hapo. Jichaji taratibu, Mama Synne."

"Øystein! Øystein, nisikilize! Ole wako!"

Hakugeuka. Alitembea kwenye upepo, kichwa chini, sanduku kifuani, akaingia kwenye kigari cha Unni na kufunga mlango. Taa zao nyekundu zikaingia kwenye weupe nyuma ya greda, na Jorunn akateremsha mti.

Saa saba Halldis alikuwa mkahawani, mezani peke yake, vishikizo vya fedha kifuani, kipande cha mkate na jibini ya kahawia mbele yake hajakigusa. Simu ikatetemeka. Ilikuwa picha. Øystein mbele ya birika la maji, kitani cheupe kinamwagika mikononi mwake hadi magotini, uso umemlowa machozi. Unni alikuwa pembeni yake, ameshika kofia ya mtoto. Chini ya picha Synne aliandika: "Mama, alitulia kimya kabisa kwa babu yake. Pole sana na gari."

Aliilaza simu kifudifudi mezani. Mlango ukafunguka, akaingia bwana mmoja mgeni anapangusa theluji begani, akamjia moja kwa moja.

"Samahani, mama. Lile gari jeusi kwenye chaji ni lako?"

"Ni langu."

"Nimelizunguka mara mbili nisiamini. Magurudumu mazuri, jamani! Sijaona mazuri kama yale. Inchi ngapi?"

Halldis alifungua mdomo.

"Ishirini na moja," alisema, akaanza kulia.