Saa Tisa na Nusu, Kabla ya Daraja

Karani wa vifo alikuwa keshavuka nusu ya daraja, bahasha ya kaki kwapani, na bado miguu ilikuwa inamwambia rudi. Magari yalimpita, pikipiki zikampigia honi, naye akajikokota pembeni kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Angeweza kupanda basi. Alitembea kwa sababu basi lingefika mapema.

Miaka kumi na minne alikuwa amekaa katika chumba cha mwisho cha hospitali kubwa, kati ya chumba cha maiti na bomba la maji, akiandika wafu: jina, umri, sababu, saa, mahali. Ng'ambo ya mto, katika mji jirani, alikuwepo karani mwenzake wa kazi hiyohiyo. Walijuana kwa sauti tu, na waliitana Mtani. Kila mwisho wa mwezi walipigiana simu kulinganisha waliouawa, maana ofisi zote mbili zilipeleka hesabu siku moja. Zamani ilikuwa wawili kwa mmoja, mwezi mwingine hakuna kabisa, wakaulizana hali za watoto, basi. Halafu idadi ikaanza kupanda pande zote mbili, na utani ukapanda nayo. Huyu akisema huko kwenu mnachinjana kama kuku, yule anajibu nyie nanyi mbona mnatufukuzia. Gazeti nalo likaanza kuichapa miji yao sambamba, kila mwezi, kama timu kwenye msimamo wa ligi.

Kanuni ilikuwa moja: aliyekata roho huku huhesabiwa huku, hata kama kisu alichomwa kule. Kanuni hiyo ilimkera Karani. Hospitali kubwa ilikuwa upande wake, kwa hiyo majeruhi wa ng'ambo walikuja kumfia yeye na kumjazia daftari. Mwaka ukielekea ukingoni, miji ilikuwa sitini na moja kwa sitini na moja. Mganga mkuu akasimama mlangoni, akasema angefurahi gazeti lisipotuaibisha mwaka huu, akaenda zake. Hakuagiza kitu. Baadaye Karani alilitafuta sana agizo katika maneno yale, asilione.

Zikiwa zimebaki siku mbili mwaka ufungwe, seremala mmoja wa ng'ambo alimleta ndugu yake, fundi redio, kalazwa juu ya mbao kwenye pikapu, tumbo limekazwa kwa shuka. Alifika saa kumi kasorobo, hai. Alikata roho saa kumi na dakika ishirini, koridoni, kwenye kitanda cha magurudumu. Karani alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, na birika lake la maji mkononi. Akarudi chumbani, akaandika: saa tisa na nusu, njiani, kabla ya daraja. Cheti kilichukuliwa na mjomba wa marehemu, na nani anasoma saa siku ya msiba? Mwezi ulipofungwa, Karani akampigia mwenzake. Sitini na mbili kwenu, sitini na moja kwetu. Kombe lenu, Mtani, alimwambia, wakacheka wote wawili.

Wiki saba baadaye Mtani ndiye aliyepiga, na hakuwa na utani. Alieleza taratibu. Polisi wa kwao walikuwa wamemkamata shemeji wa marehemu, mume wa dada yake, kwa sababu majirani waliwasikia wakigombana kuhusu ukuta wa ua. Seremala alikwenda kituoni kusema kwamba ndugu yake pale koridoni alimshika mkono, akamwambia si shemeji, ni watu wawili, siwajui. Polisi wakamfunulia cheti. Mtu aliyekufa saa tisa na nusu kaongeaje saa kumi? Wakamwambia ashukuru hawajamweka ndani yeye. Nyumbani nako mama yake akaacha kumjibu salamu, akiamini anamkingia kifua muuaji wa mwanawe.

"Nikuulize kitu," alisema Mtani. "Hiyo saa uliiandika wewe?"

Karani alikata simu. Baadaye akapiga tena, akasema atakuja.

Ndiyo maana sasa alikuwa darajani. Mtani alimngoja upande wa pili. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Walipeana mikono bila kuitana Mtani, wakaongozana mpaka nyumbani kwa marehemu.

Sebuleni, redio mbili zilikuwa bado mezani, matumbo wazi, nyaya nje. Mama alikaa kwenye mkeka, pembeni binti yake, mke wa yule shemeji. Seremala alisimama mlangoni kama mtu asiye na uhakika kwamba hapo ni kwao. Karani alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi. Akaanza kusema kuwa kumetokea hitilafu katika uandishi.

"Hitilafu ndiyo nini, baba?" mama akamuuliza.

Karani akayaacha maneno yale. "Niliandika uongo, mama. Mwanao alifika kwetu hai. Aliongea na huyu nduguye. Nilimwona."

Seremala akageuka, akautazama ukuta.

Mama akataka kujua alihongwa na nani. Hakuhongwa. Alitishwa? Hapana. Karani akaanza kueleza habari za miji miwili, kanuni na gazeti, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa dogo mdomoni mwake, mpaka akatamani angalau angekuwa amehongwa.

"Kumbe mlikuwa mnashindana," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani alishinda?"

Karani alimtazama Mtani. Mtani alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Sisi," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kofi angelipokea kwa shukrani. Binti alimletea glasi ya maji, maana aliyeingia ni mgeni. Hakuweza kunywa. Walipoinuka kwenda kituoni alitoka nayo hivyohivyo, imejaa, na getini ndipo seremala alipoichukua taratibu kutoka mkononi mwake bila kumwangalia usoni.

Karani aliandika maelezo yake kituoni, akasaini, na kuacha nakala ya ukurasa wa daftari iliyokuwa bahashani. Shemeji alitoka mahabusu siku ya tisa baada ya hapo, akikohoa, akahamia mbali pamoja na mkewe. Mama alianza kumjibu seremala salamu. Wale watu wawili hawakupatikana. Mganga mkuu alipandishwa cheo. Mtani aliomba idara nyingine, na hesabu za mwezi siku hizi zinapelekwa na kijana asiyejua kutania. Karani alistaafishwa kabla ya wakati, bila sherehe. Mwaka ule ulisahihishwa: mji wake sitini na mbili, mji jirani sitini na moja. Gazeti halikuandika, kwa sababu wakati huo lilikuwa na takwimu za mwaka mpya, na zilikuwa zimepanda.