Nani Alipiga "Taa ya Barazani"?

Wynelle Gattis alikuwa amebeba sinia la kuku wa kukaanga pale kaka yake alipoingia ukumbini, na kama si Burl Oakes kulidaka, kuku wote wangeishia sakafuni.

"We mama!" Burl akafoka. "Umeona shetani?"

"Afadhali angekuwa shetani. Yule ni Orbin."

Kweli alikuwa Orbin. Fundi bomba, shemasi wa kanisa, mbishi wa kuzaliwa, mdomo kaubana kama pochi ya bahili. Alikuwa hajamsemesha dada yake tangu mazishi ya mama yao, na sababu ukiisikia utadhani unataniwa: gitaa.

Siku ya mazishi, jeneza likitolewa, ulipigwa wimbo alioupenda marehemu, "Taa ya Barazani". Ilipofika solo, Wynelle akasema huku machozi yakimtiririka, "Msikie Verlon Tidwell anavyomsindikiza mama."

Orbin, naye kamasi zinamtoka, akasema, "Verlon wapi? Huyo ni Dub Hargis."

Kabla jeneza halijafika kwenye gari, wawili hao walikuwa wameshaambiana ya kuambiana. Wewe huna masikio. Na wewe huna haya, siku ya mama unaleta ubishi. Aliyeuleta ni nani? Orbin akaichukua santuri ya mama yao, akaingia kwenye pikapu yake, na kule makaburini akaenda kusimama ng'ambo ya pili ya shimo. Tangu siku hiyo hata salamu ya Krismasi ilipitia kwa Trudy, mke wa Orbin.

Watu wengine wangecheka. Lakini hapa Madison, kando ya Nashville, jiji la wanamuziki, kuna watu ambao kwao mwimbaji si kitu. Mwimbaji sura yake iko kwenye jalada, anajulikana hata na mbwa. Wao mapenzi yao yako kwa wale waliokaa nyuma na magitaa yao, waliokodishwa kwa kikao cha kurekodi, asubuhi wimbo wa huyu, mchana wa yule, jioni wa mwingine tena, na majina yao hayakuandikwa popote. Na kwa kuwa hayakuandikwa, kazi ya mashabiki ni kutega masikio. Watakaa Jumamosi nzima na santuri kuukuu inayokwaruza, wakibishana: huyu ni fulani, msikie anavyouvuta uzi. Ukimtaja siye, umetukana.

Kila mwaka wanamchagua mkongwe mmoja, wanampikia, wanamshukuru. Mwaka huu alikuwa Verlon Tidwell mwenyewe, karibu wa mwisho aliyebaki hai katika kundi la siku zile. Ndipo Wynelle akampelekea kaka yake ujumbe kwa Trudy: njoo. Verlon ataulizwa mbele ya watu ni nani aliyepiga. Atakayeshindwa atamwomba mwenzake radhi palepale, na yaishe.

Jibu halikuja. Wynelle aliyameza. Mume alishaondoka zamani, mtoto hakujaliwa, na kule saluni kwake alikuwa akisuka na kukata nywele za watu wanaomsimulia kaka zao kutwa nzima. Wa kwake alibaki huyo mmoja tu.

Na sasa huyu hapa. Tena hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mwembamba, gauni la buluu, nywele nyeupe zimepandishwa juu.

"Ngoja kwanza," Burl akanong'ona. "Yule si Imogene? Mjane wa Dub?"

Wynelle akabaki mdomo wazi. "Kaleta shahidi! Huyu mwanamume kaleta shahidi!"

Hata hivyo, moyo wake uliruka. Mtu asiyetaka kurudi hajisumbui kutafuta shahidi.

Orbin alimkalisha bibi meza ya mbele, akajikalia pembeni yake, mgongo umenyooka. Wynelle akapeleka chai ya barafu.

"Karibu, Mama Imogene. Makaroni yapo, kuku yupo, maharage yapo."

"Asante, mwanangu. Una mikono ya mama yako."

"Mwambie asante," Orbin alimwambia bibi, macho ukutani. "Mwambie na mimi nitakula kuku."

"Mwambie mwenyewe, nipo hapa hapa," Wynelle akasema.

"Mwambie paja."

Verlon alipoingia, ukumbi mzima ulisimama. Mzee mrefu, kiuno kimepinda kidogo, shati jeupe limepigwa pasi ikalala. Alitazama nyuma yake kuona ni nani anayesimamiwa.

Wakamzonga. Mmoja akamwambia alimposa mkewe kwa solo yake fulani.

"Pole sana," Verlon akamjibu. "Mimi nilikuwa kazini tu."

Mwingine akamtajia wimbo, akamwimbia na kipande, mishipa ya shingo imemtoka. Verlon alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Huo ulitoka?"

"Ulitoka! Mzee, ule ulikuwa wa kwanza nchi nzima!"

"Basi ndiyo maana," Verlon akasema. "Nakumbuka tulipomaliza tulikwenda kula, na mwimbaji alilipa yeye."

Watu walicheka, lakini Wynelle aliona uso wa mzee. Alikuwa ameshtuka kweli. Wageni hawa walikuwa wamebeba maisha yake yote vichwani mwao, na mengine yeye mwenyewe alikuwa ameshayaangusha njiani.

Chakula kilipopungua sahanini, Burl akasimama. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuna kesi. Kesi hii imegawa ukoo. Imefanya watu wale bata mzinga wa Krismasi nyumba mbili. Leo itakatwa." Akaweka santuri. "Mzee Verlon, sikiliza, kisha utuambie ni nani huyo."

"Taa ya Barazani" ikaanza. Ulipofika ubeti wa pili ukumbi ulikuwa kimya, wala kijiko hakikulia. Kisha ikaja solo. Haina mbwembwe. Inapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani, na karibu na juu kuna mahali inateleza, moyo wako unaanguka nayo, halafu inajishika. Pale ndipo watu wanapofia. Orbin, anayepiga gitaa kanisani kila Jumapili, alikuwa amepatafuta pale mahali tangu ujana wake asipapate. Kila akifika, anaanguka kweli.

Burl akaiondoa sindano. "Ni nani, mzee?"

Wynelle alikuwa ameushika ukingo wa meza. Verlon aliitazama santuri, kisha akamtazama Imogene. Bibi alikuwa ameshika leso mdomoni, macho yamelowa, anatabasamu.

"Huyo ni Dub," Verlon akasema. "Dub Hargis. Nani mwingine?"

Ukumbi ulipigwa na butwaa. Mtu aliacha uma ukaanguka. Hawa walikuwa mashabiki wa Verlon. Nusu yao walikuja kwa ajili ya solo hiyo hiyo, na mwenyewe ameikana kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kisicho chake. Wynelle alihisi masikio yamemfunga. Alikuwa ameapa juu ya solo ile. Alikuwa amemzika mama yake nayo.

"Una hakika, mzee?" Burl akauliza, na sauti yake kubwa yote imemwishia.

"Nimesema."

Basi. Ahadi ni ahadi. Wynelle akasimama, akatembea hadi meza ya mbele.

"Orbin. Nilikosea. Nilikutukana siku ya mama, mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Kila mtu alitegemea Orbin atapasuka kwa furaha. Badala yake aliinamia sahani yake. Masikio yalimwiva.

"Yameisha," akasema kwa sauti ya kukwama. Kisha, kwa kuwa ni Orbin, "Nilikwambia lakini."

Imogene akampigia makofi Wynelle, kisha akamgeukia Verlon. "Verlon, nipigie. Kama Dub alivyoipiga. Sijawahi kuisikia ikipigwa mbele ya macho yangu."

Verlon akasitasita. "Vidole vimeshazeeka, Imogene."

"Na mimi masikio yamezeeka. Tutakutana katikati."

Orbin akawa ameshatoka mbio. Alirudi na gitaa lake mwenyewe kutoka kwenye pikapu, na kile kidude cha plastiki cha kucharazia nyuzi, akavikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. Dub Hargis, kila shabiki anajua, hakuwahi kugusa uzi bila kidude hicho. Alizikwa nacho mfukoni.

Verlon akaanza nacho vizuri. Lakini mkono una akili yake. Ngazi zilipoanza kupanda, kidude kikateremka magotini, na kidole gumba kikashika nyuzi nzito huku vile vingine vikidonoa chini yake, taratibu, bila haraka yoyote. Akafika pale mahali. Kidole gumba kikawahi, nukta moja kabla ya vingine. Ikateleza. Ikajishika.

Wynelle hakumtazama Verlon tena. Alimtazama kaka yake. Orbin alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye gitaa, rangi imemtoka usoni, mkono wake wa kulia unachezacheza hewani peke yake. Maisha yake yote alipatafuta mahali pale kwa kidude, kwa mtindo wa Dub, na kwa mtindo wa Dub hapapatikani. Mtu wa kupiga vile alimwona mara moja tu, leo, na ndiye huyu.

Watu walipoinuka kupiga makofi, Orbin akaja, akachuchumaa kando ya kiti cha dada yake.

"Ni yeye," akanong'ona. "Wynelle, ni yeye. Gumba! Ni gumba muda wote!"

"Nimeona."

"Basi wewe ndiye—"

"Punguza sauti."

"Umeniomba msamaha bure! Nasimama sasa hivi nawaambia."

"Kaa chini, shemasi," sauti ikasema juu yao. Verlon alikuwa amekuja na kikombe, kana kwamba anatafuta kahawa. Akavuta kiti. Imogene alikuwa mbali, amezungukwa na watu wanaomshika mikono. "Siku ile Dub alikuwa amelala kwenye gari nje ya studio, amelewa hajijui. Zamani mwenzako akishindwa, unakaa kwenye kiti chake, unajitahidi kupiga anavyopiga yeye, na kazi inabaki kwa jina lake. Ukinyanyuka hapo, umesahau. Sote tulifanyiana hivyo."

"Lakini solo ile, mzee," Wynelle akasema. "Solo ile!"

"Tulikuwa hatujui ni ile. Ilikuwa Jumanne kama nyingine." Akapuliza kahawa. "Wimbo ulipotoka, Imogene alikuwa ameshafunga masanduku amwache Dub. Akausikia redioni, akaambiwa ni mume wake, akafungua masanduku. Dub akaona aibu, akaacha chupa, hakuigusa tena. Sasa niambie, shemasi, ni yangu ile au ni yake?"

Orbin akaukodolea macho mkono wa kulia wa mzee.

"Orbin!" Ilikuwa sauti ya Imogene, nyembamba lakini imenyooka. Watu wakampisha njia. "Njoo hapa, kijana wangu. Wewe unajua gitaa, na Trudy ananiambia husemi uongo hata kuhusu sketi yake mpya."

Orbin akasimama. "Naam, mama."

"Verlon amekiacha kile kidude. Nimeona. Dub hakuwa anakiacha." Leso ilikuwa imesokotwa vidoleni mwake kama kamba. "Nauliza wewe. Kwenye ile santuri, ni mume wangu?"

Wynelle alimjua kaka yake. Huyu ndiye aliyewahi kumwambia mchungaji, mbele ya waumini, kwamba mahubiri yalikuwa marefu na hayakufika popote. Alishindwa kupatana na dada yake kwa sababu ya noti chache, kisa ukweli. Wynelle akafumba macho akisubiri.

"Ni Dub, mama," Orbin akasema. "Nilisema tangu mwanzo."

Wynelle akafumbua macho. Kama paa la kanisa lingeng'oka, asingeshtuka zaidi.

"Verlon anaipiga kizee, kwa vidole," Orbin akaendelea, jasho likimtoka usoni. "Ile ya kwenye santuri ni ya Dub."

Imogene alimkazia macho muda mrefu. Kisha akamgeukia Wynelle. "Na wewe, mwanangu? Wewe ulikuwa unabisha. Bado unabisha?"

Wynelle alimtupia jicho Verlon. Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi siku ya mazishi, sahihi Krismasi zote zile alizokula peke yake, na shahidi wa pekee amekaa pale anapuliza kahawa, haangalii mtu. Angemaliza umri wake wote kila mwaka kwenye ukumbi huu akiitwa yule asiye na masikio. Burl asingemwacha apumue.

"Sibishi, mama," akasema. "Ni Dub. Kaka yangu alikuwa sahihi."

Bibi akashusha pumzi, leso ikafunguka.

Orbin akaja kukaa karibu na dada yake, kiti kwa kiti, akavuta sahani yake ya kuku na kuanza kuila. Akatafuna. Kisha akainua kichwa, sauti juu, usoni hana hata chembe ya haya.

"Dada, hebu rudia. Watu wa nyuma hawakusikia."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wynelle akamfinya paja chini ya meza mpaka akaruka, kisha akarudia, kwa sauti, mpaka watu wa nyuma wakasikia.