Popo wa Kuazima

Mwenyekiti Uwesu wa kijiji cha Nambundu, kule ukingoni barabara ya Masasi inapomaliza kupanda kuelekea Newala, alikuwa na donda moja moyoni: kijiji chake hakikuwamo katika ramani yoyote. Ramani ya barabara ilikiruka. Ramani ya visima ilikipita pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi. Chilindima, kijiji jirani ng'ambo ya bonde, kilikuwamo katika zote mbili, na mwenyekiti wake, Gideoni, hakuacha kulitaja jambo hilo hata msibani.

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba Daktari Faidha, mtafiti wa wanyama, anazunguka vijijini kuchunguza ni aina gani ya popo wanaishi wapi, na kwamba kila watakapopatikana patawekwa nukta katika ramani ya nchi nzima, Uwesu alikosa usingizi kwa furaha. Chilindima walikwisha kupata nukta yao. Lakini Nambundu nayo ilikuwa na popo tele. Waliishi darini mwa ghala la korosho la ushirika tangu enzi za baba zake, na harufu yao ilimpokea mtu kabla hajaliona ghala lenyewe.

Akaunda kamati ya mapokezi, kisha akaunda kamati ndogo ya kuisimamia kamati ya mapokezi. Akaagiza njia zifagiwe, mawe yapakwe chokaa, na kila kinachoweza kuwatia aibu mbele ya mgeni kiondolewe. Mgeni hapokelewi katika uchafu. Hilo kila Mmakonde, Mmakua na Myao wa pale alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Kamati ikatii kupita kiasi. Ilichukua salfa iliyobaki msimu wa kupulizia mikorosho, ikaichoma ndani ya ghala. Popo wakatoka mchana kweupe kama wingu jeusi, wakatokomea. Dari likafagiwa, sakafu ikapigwa deki kwa sabuni ya unga. Uwesu alipokwenda kukagua alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akawapongeza wote.

Mkewe, Zena, ndiye aliyeuliza, huku akipepeta mchele wa wageni: "Baba Nurdini, kwani huyo mgeni anakuja kutazama nini?"

Uwesu akageukia upande wa ghala. Nje, honi ya gari ikalia.

Daktari Faidha alikuwa binti mpole aliyemwamkia kila mzee shikamoo na kungoja marahaba yake. Baada ya hotuba za utambulisho, kila kamati ikiwa na yake, alitandaza nyavu zake nyembamba kuzunguka ghala jua lilipokuwa likizama. Zilinasa nondo mmoja na kofia ya Khalfan, mgambo wa kijiji. Akaeleza kwa upole kwamba watajaribu tena jioni ya kesho, na wasipopata kitu ataweka duara tupu, maana yake tulitafuta, hatukuona.

Maneno hayo yalimchoma Uwesu. Siku zote alilia kwamba ramani imemsahau. Sasa ingemkumbuka, na kumtangaza kuwa kiongozi wa kijiji kilichokimbiwa hata na popo.

Katika vijiji vile hakuna anayefanya harusi kwa vyombo vyake peke yake. Majamvi, viti na sufuria huazimwa ng'ambo, na kila nyumba hutia rangi yake kitakoni mwa sufuria ili zisipotee. Kulipokucha, basi, Uwesu akapanda pikipiki ya Khalfan hadi kwa Gideoni, akaeleza shida yake bila kumtazama usoni. Gideoni alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Viti nimekuazima. Sufuria nimekuazima. Leo popo?"

"Ni wa jioni moja tu, ndugu yangu."

Gideoni hakuwa mchoyo, hasa wa kitu ambacho angekisimulia maisha yake yote. Popo wakatolewa kwenye paa la nyumba kuukuu kwa foronya, wakatiwa katika tenga lililofunikwa kanga, wakateremshwa bondeni na kupandishwa tena kwa pikipiki.

Jioni ile Khalfan akalifungua tenga nyuma ya ghala, na nyavu zikajaa. Vigelegele vikapigwa. Daktari Faidha, mikono ikiwa ndani ya glovu, akamnasua popo wa kwanza, akamulika ukucha wake. Akamtazama wa pili, kisha wa tatu. Kucha zao zilikuwa na rangi nyekundu.

Alipogeuka, macho yake yaling'aa. Akaeleza kwamba rangi ile ya kucha aliwapaka yeye mwenyewe kule Chilindima, ili akiwanasa tena awatambue. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba popo wa aina hii huvuka bonde kama lile. Sasa Nambundu haitapewa nukta tu. Utachorwa mshale kutoka Chilindima mpaka hapa, wataalamu watausoma, na Mwenyekiti atashukuriwa kwa jina.

Watu wakapiga makofi. Mshale! Gideoni hakuwa na mshale. Uwesu akahisi kofia yake imekaa vizuri kichwani kuliko siku zote.

"Nisaidie jambo moja, Mwenyekiti," akasema Daktari, kalamu mkononi. "Bonde hili unalijua. Unadhani walipita upande gani?"

Uwesu akageuka. Zena alikuwa akimtazama, mikono imetulia mapajani. Akawaza wataalamu wakija mwaka hadi mwaka kuitafuta njia ile bondeni, na yeye, mzee mwenye mvi, akiwaonyesha kwa kidole.

"Walikuja na pikipiki, Daktari."

Mtu mmoja akakohoa. Uwesu akaeleza yote, ya salfa na ya tenga, sauti yake ikizidi kudidimia. Daktari Faidha hakugomba. Suala la tenga hakulishughulikia sana; aliuliza zaidi juu ya moshi, kwamba popo wa ghala walielekea wapi, na kama kulikuwa na waliokuwa wakinyonyesha. Uwesu hakujua. Hakuna hata kamati moja iliyoangalia, na kujua hilo kulimuumiza kuliko vicheko vilivyoanza kupasuka nyuma yake.

Popo wa Chilindima wakaachiwa, wakashika njia ya bondeni. Daktari akafungua ramani, akatafuta mahali, akaandika Nambundu kwa herufi safi, kisha akashusha kalamu kuchora duara.

Uwesu akainama karibu naye.

"Daktari," akanong'ona, "basi kama ni duara, nichoree kubwa kidogo."

Daktari Faidha akalichora sawasawa na mengine.