Migomba Iliyopambwa kwa Mgeni

Mtu asikudanganye kwamba Kemirembe ni mwoga. Wanaomjua pale kijijini Ihanda watakwambia binti yule ana ulimi na ana kifua. Lakini asubuhi ile, akiwa nyuma ya bodaboda kuelekea Kibingo, aliogopa mpaka dereva akamuuliza kama ana malaria. Akajibu ndiyo, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa refu mno.

Alikuwa anakwenda kikaoni. Kikao chenyewe cha watu watatu tu: yeye, mwalimu Gaudiosus anayefundisha hesabu sekondari, na Mackrine, afisa kilimo wa kata. Hao watatu ndio walezi wa Kitoke, programu ya simu waliyoipa jina la mgomba kwa Kinyambo. Unapiga picha mgomba wako, programu inakwambia kama ni mzima au umeshikwa na mnyauko, ule ugonjwa unaomaliza kibanja kizima, shamba lote la migomba, kabla hujajua umeanzia wapi. Ni programu huria. Haiuzwi, na msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, anayetaka ausome, auchukue, aurekebishe. Kemirembe aliuandika karibu wote, miaka miwili, bila senti.

Basi watu wakaipenda. Wengine wa mbali, ambao hata mgomba hawajawahi kuuona, wakaanza kutuma michango kidogo kidogo, hadi ikafika shilingi milioni kumi na moja. Wakaomba jambo moja tu: ikifika Ijumaa, walezi waandike kwenye ukurasa wa mradi, mbele ya macho ya wote, fedha hizo zitafanya kazi gani. Na Ijumaa ndiyo hiyo.

Ofisini kwa Mackrine walikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, ile ya punje zilizokaushwa, na chai. Gaudiosus ndiye aliyeanza, kwa ile sauti yake ya ubaoni. Alisema ni aibu mtu kufanya kazi miaka miwili kwa asante. Yeye angependa fedha zote ziwe mshahara wa Kemirembe, mwaka mzima, na kompyuta mpya juu yake. Loo, siku nyingine Kemirembe angelia kwa furaha. Siku hiyo aliona kama anapewa zawadi kwenye msiba aliousababisha mwenyewe.

Mackrine akakataa kwa upole. Alisema mshahara ni haki, ila wakulima kwanza. Yeye alitaka matangazo redioni, na makanisani Jumapili, Walutheri na Wakatoliki, ili watu wa Kyerwa na Karagwe nzima waingize Kitoke kwenye simu zao. Tayari watu elfu mbili wanaitumia, kwa nini wasiwe elfu ishirini?

Hapo Kemirembe akarudisha kikombe mezani. Elfu ishirini, jamani.

Maana kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Programu kama ile hujifunza kwa kuangalia picha. Unaipa mamia ya picha za migomba mizima na mamia ya migonjwa, nayo inajifunza kutofautisha. Picha za migomba mizima Kemirembe alizipiga Ihanda, nyumba kwa nyumba, na kwa adabu zote alipeleka taarifa siku moja kabla. Sasa wewe niambie, ni mama gani wa huku atakayesikia mgeni anakuja na kamera, aache kibanja kikiwa ovyo? Waliamka alfajiri, wakakata majani yote ya manjano, wakatoa maua yaliyosinyaa, wakafagia. Alipouliza kama kuna ugonjwa, wote walijibu hakuna, tena kwa kujisikia. Naye akazipiga picha, akaziandika: mzima, mzima, mzima.

Wiki tatu nyuma shangazi yake Auleria akamsimulia hayo huku anacheka, kama hadithi ya kujisifia usafi. Kemirembe hakucheka. Alichukua panga, akakata mgomba mmoja wa shangazi ambao Kitoke ilisema ni mzima. Ukatoka usaha wa manjano. Akakata wa pili, ukatoka. Programu yake ilikuwa imefundishwa kwamba mgomba mgonjwa uliosafishwa ni mgomba mzima. Na kila mtu huku husafisha kwanza ndipo apige picha.

Kwa wiki tatu alijiambia atarekebisha kimyakimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo tangu utotoni, lakini kulijua na kulitenda ni vitu viwili. Aliogopa Mackrine, aliyempeleka kwa wakulima kama binti yake. Aliogopa ule ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima. Zaidi ya yote aliwaogopa wale elfu mbili, waliolala usingizi kwa sababu simu iliwaambia walale.

Gaudiosus akaomba wapige kura. Mshahara au redio, na kura ya Kemirembe ndiyo ya kuamua.

Angeweza kusema mshahara. Angeukwepa mkosi wa redio, apate mwaka wa kurekebisha bila mtu kujua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mwaka ule watu wangekuwa wanaendelea kupiga picha na kuambiwa migomba yao ni mizima.

"Kitoke inakosea," akasema. "Inasema mzima kwa migomba iliyooza. Kosa ni langu."

Akaeleza yote, ya kamera, ya mafagio, ya shangazi.

"Umejua tangu lini?" Mackrine akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu, Kemirembe. Na juzi nimewaambia watu wa Bugomora wakuamini."

Afadhali angetukana. Gaudiosus akasema mambo ya mshahara na redio yamekwisha. Wakakubaliana fedha zote ziende kupiga picha upya, safari hii bila kupeleka taarifa, na kila mgomba upimwe maabara kabla ya kuandikwa mzima au mgonjwa. Kemirembe ndiye aliyeandika uamuzi huo kwenye ukurasa, pamoja na sababu yake na jina lake. Kisha akatuma onyo kwenye simu zote elfu mbili: msiamini jibu la Kitoke, kagueni upya kila mgomba.

Dakika tano hazikupita, simu yake ikalia. Alikuwa mama Laurensia wa Bugomora, mjane, ambaye Kitoke ilimwambia mara nne kwamba kibanja chake hakina neno. Kemirembe akafungua spika ili wote wasikie. Akamwamkia shikamoo, akamwomba akate mgomba mmoja, atazame ndani.

"Nimeshakata, mwanangu, nilipopata ujumbe. Nimeazima panga kwa mpita njia. Ndani ni manjano, unanata."

Kemirembe akamwambia mgomba huo na mingine iliyougua ing'olewe yote. Akamwomba radhi. Kisha akamsihi lile panga la kuazima, na lile lake la siku zote la kusafishia kibanja, ayachome motoni kabla hayajagusa mgomba mwingine, kwa sababu ugonjwa hupanda juu ya chuma na kuhama nacho.

"Panga langu halipo," mama Laurensia akasema. "Si mliniambia kwangu ni salama? Wenzangu wakawa wanaliazima, wanasema ni panga la kibanja kisafi. Tangu mwezi uliopita linazunguka."

Kemirembe akamwomba ataje majina ya majirani walioliazima. Mama Laurensia akaanza na Egbert, akaja kwa Benadeta, akaja kwa wakwe wa Benadeta, na Mackrine akawa anaandika. Karatasi ilijaa pande zote mbili, na mama, akitaja nyumba kwa nyumba, alikuwa bado hajafika ng'ambo ya barabara.